Mitamba Wawili na Nyasi za Wimbledon

Mbugani, Kyela
Ijumaa, 5 Julai 1996

Kwa shemeji Hebroni,

Ugonile? Kabla hujajibu kaa chini, na kama umesimama kwenye tope la mpunga kaa humo humo. Sampras katolewa Wimbledon, na aliyemtoa ni mimi.

Usicheke. Kazi yangu kwa Mzee Lameck unaijua. Kibanda cha video ni chake, jenereta ni yake, dishi ni lake, lakini picha ikianza kutetemeka ni mimi ninayepanda juu ya paa kushika nguzo. Sasa nikaja kugundua kwamba kila nikiishika kwa mkono wa kushoto, Sampras anapiga wavu. Nikiiachia, anapata. Nikaikumbatia ile nguzo siku mbili kama mchumba. Seti tatu kwa bila, bingwa wa miaka mitatu mfululizo akakusanya mataulo yake. Watu humu ndani wanadhani kazi ile kaifanya yule Mholanzi, Krajicek, mrefu kama mchikichi. Waache.

Ila habari yenyewe hasa ni mtu wetu, MaliVai Washington. Mmarekani mweusi, hakuna aliyemtia kwenye hesabu, na leo anacheza nusu fainali. Huyo bwana anakimbia, shemeji. Siyo kama wewe siku ile mbwa wetu alipokufukuza ukaacha kandambili moja. Atupele anaitunza mpaka leo, sijui ya nini, mimi ningeitupa chooni.

Kuhusu huyo dada yangu, baba hajapunguza kitu. Ng'ombe watatu, mwisho wa mavuno. Na Ambrose, yule mwenye mashine ya kukoboa huko kwenu, amekuja mara mbili kunywa chai. Anamwita baba "mkwe" wakati yeye ndiye mwenye mvi nyingi. Basi endelea kulala.

Shemeji yako asiyeshindika,
Godlove


Busale
Jumamosi, 6 Julai 1996

Mpendwa shemeji Godlove,

Ndaga kwa barua. Mama amekusalimu, mgongo wake unamsumbua lakini bado anapepeta. Sisi wengine ni wazima, ila mikono imekatwakatwa na majani ya mpunga. Je, baba hajambo? Na Atupele? Mwambie nimeuliza.

Nina mitamba wawili, unawajua. Wa tatu sina, na sijui nitamtoa wapi.

Sasa nikwambie jambo, lisitoke kwako. Pale mashineni nabishana na Ambrose kila siku. Anasema mtu mweusi hawezi kushinda kwenye zile nyasi, na kwamba atakayesema anaweza aje na ng'ombe, yeye ataweka ng'ombe, kichwa kwa kichwa, mbele ya watu. Redio yake haina betri wiki nzima hii, kalalamika mwenyewe. Mtu mwingine wa kufuata tenisi huku hayupo. Basi kama MaliVai atafika fainali, wewe utaiona kwa macho. Barua mpe Eliud, huyu anayetubebea, Jumapili jioni akirudi huku na baiskeli. Ikisema kashinda, Jumatatu asubuhi nakwenda mashineni kubishana. Ikisema kashindwa, nanyamaza, sina hasara.

Najua si uungwana. Lakini nikimkosa Atupele kwa ng'ombe mmoja nitakuwa mtu gani?

Godlove, wewe huwa unatia chumvi. Hii usitie. Andika ulichokiona tu.

Shemeji yako, Mungu akipenda,
Hebroni


Mbugani
Sabasaba, 7 Julai 1996

Shemeji tajiri,

Salamu za mama nimezipata, za kwangu mpe, mengine Eliud hanipi nafasi, keshakanyaga pedali moja. MaliVai ni bingwa.

Jana walipomalizia nusu fainali iliyokatizwa na mvua, alikuwa nyuma moja kwa tano seti ya mwisho. Mzee Lameck alishasema tuzime jenereta, mafuta yanaungua bure. Jamaa akarudi, akamaliza kumi kwa nane. Leo ndiyo usiseme. Wako kwenye wavu wanapigwa picha kabla ya kuanza, msichana kakatiza uwanjani hana kitu isipokuwa kitambaa kiunoni. Naapa. Wachezaji wenyewe walicheka. Kisha mvua. Kisha, shemeji, kazi. Saba-tano, sita-nne, sita-mbili. Mholanzi alibaki anaangalia raketi yake kama imemwibia. MaliVai alipiga magoti, akabusu nyasi, na alipolinyanyua kombe alitazama kamera moja kwa moja, utadhani ananitafuta mimi kunishukuru.

Kwa nini uweke mmoja? Weka wote wawili, utoke na wanne, baba akose la kusema. Usiwe mwoga kama jogoo wa kuhasiwa.

Shemeji wa bingwa,
Godlove


Busale
Jumanne, 9 Julai 1996

Godlove,

Natumaini hamjambo hapo nyumbani. Huku ni wazima wa mwili.

Jana nilikwenda mashineni. Uliniambia wote wawili, nikaweka wote wawili. Walikuwepo watu kama thelathini wamekuja kukoboa. Ambrose aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akaniuliza tena, na mara ya tatu akawaita watu wasogee wasikie, nikarudia kwa sauti. Unajua huku neno la ng'ombe likishasemwa mbele ya watu halirudi.

Ndipo akamtuma mwanawe ndani alete redio. Betri zilikuwemo, Godlove. Zilikuwemo siku zote. Alisikia matokeo tangu Jumapili, akanyamaza akinisubiri mimi, kama nilivyokuwa nimepanga kumsubiri yeye. Akatuambia tutulie mpaka taarifa ya michezo. Tulisimama kwenye pumba. Ikasema Mholanzi, seti tatu kwa bila. Watu walicheka mpaka mashine ikazimwa ili waendelee kucheka vizuri. Mama alikuwa pale na ungo wake.

Ambrose aliwafungua mitamba mwenyewe zizini kwangu. Hakutuma mtu.

Yule msichana wa uchi nilisema ni chumvi yako, na redio ikamtaja. Mshindi nilimwamini. Nakuuliza swali moja tu, na nijibu kama mwanaume: uliiona?

Shemeji yako, kama bado,
Hebroni


Mbugani
Ijumaa, 12 Julai 1996

Shemeji,

Ugonile? Hatujambo. Swali gani hilo la kipolisi? Niliiona kwa macho haya mawili ambayo hayana makengeza kama ya ukoo wenu. Kama redio imesema vingine, kagombane na redio.

Na tuseme nimekosea. Nani alikutuma ukamwibie mzee wa watu mchana kweupe? Umekwenda kuiba ukaibiwa, sasa unamlilia mleta barua. Mwizi aliyeibiwa huwa halii, shemeji, anakaa kimya hata kuku asimcheke. Huku stori imefika. Mzee Lameck anawasimulia wateja kabla ya filamu, naye anaigiza unavyosema "ninayo hakika". Anakupatia kabisa.

Tafuta bata watatu, nitakuombea kwa baba.

Shemeji yako,
Godlove


Mbugani
Jumapili, 4 Agosti 1996

Kwa Hebroni,

Umeamkaje? Mama anaendeleaje na mgongo? Barua zangu mbili Eliud amenirudishia. Anasema ulizishika, ukatazama mwandiko, ukamrudishia bila kufungua. Hii nimemwambia aandike jina juu kwa mkono wake.

Jana Ambrose alikuja na pikapu na wazee wanne. Ng'ombe walikuwa wanne, na wawili wa mbele walikuwa mitamba wako. Yule mwekundu alinitambua, akaja kunilamba mkono mbele ya watu. Baba aliwahesabu mara mbili akasema Mungu ni mwema.

Atupele hakulia. Alinivuta nyuma ya jiko akaniuliza kama ni kweli niliiona mechi ile, na kama ni kweli nilikuandikia kwamba Mholanzi ndiye kashinda. Maana hivyo ndivyo nilivyowaambia hapa nyumbani: kwamba nilikuandikia ukweli, wewe ukajitia ujuaji, ukaweka ng'ombe wa mahari yake kwa kiburi.

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Basi Hebroni kanichezea kamari mwenyewe." Akaingia ndani akafunga kanga zake. Kandambili yako niliikuta jalalani. Jioni alipanda pikapu, akakaa mbele, hakugeuka.

Sikuiona fainali. Niliona msichana, niliona mvua, basi. Mvua ilivyozidi, watu wa Sabasaba walipiga mabenchi wakitaka karate, Mzee Lameck akachomeka mkanda. Nilimwomba arudishe tenisi, akanitoa nje kwa kola mbele ya wote, akanizabua kofi. Niko pale nje nashika shavu, Eliud akapiga kengele ya baiskeli, akauliza iko wapi barua ya Hebroni, kashinda nani. Na watu walikuwa wanasikiliza. Niliona aibu kuandika neno moja: "sijui".

Godlove