Mwanangu, Jumamosi Unarusha Dhidi Yetu

Mwanangu Baraka,

Wiki hii umenipigia simu mno, na mimi si mtoto mdogo. Wewe ambaye hunipigia Jumapili baada ya ibada, ukauliza kama nimekula, ukasema "sawa Mama" na kukata kabla sijamaliza kuitikia, leo unataka kujua habari za goti langu. Juzi ukauliza kama zipu ya koti langu la baridi bado inafungika. Jana ndipo ukalitoa lenyewe: "Mama, Jumamosi kutakuwa na baridi pale uwanjani. Ungebaki tu nyumbani." Nikabaki na simu mkononi nikijiuliza, tangu lini? Kuna mwaka theluji ilitudondokea mwezi wa nne, nikakaa kwenye kiti cha kukunja nikikutazama ukirusha mpira, vidole vimekufa ganzi, na wewe hukuniambia hata pole. Si bure. Kuna jambo.

Barua hii naiandika hadharani, kwenye ukurasa wetu sisi tunaoongea Kiswahili hapa Stockholm, kwa sababu ujumbe wangu mrefu wewe huujibu kwa picha ya kidole gumba. Dada yako Neema ndiye atakayeiweka. Amesoma mwanzo wake akakunja uso: "Mamma, så gör man inte." Eti mambo ya nyumbani hayafanywi hivi. Nimemwambia aweke tu.

Wengi watakaosoma hawajui habari zetu, kwa hiyo nivumilie nikisema unayoyajua. Unacheza besiboli, mchezo ambao watu wetu wakiniuliza nawaeleza, na nikimaliza wanasema, "Ahaa, kriketi." Wewe ni mrushaji. Umekulia kwenye timu yetu ya huku kusini, ukavaa jezi yetu tangu ikikufika magotini, halafu mwaka jana ukahamia timu ya kaskazini ya mji. Na sasa msimu umefika kwenye mchujo, na kati ya timu zote, tumepangiwa ninyi. Mechi tatu, atakayeshinda mbili anaingia fainali. Ya kwanza ni Jumamosi, kwetu. Stockholm nzima haina habari, watu wanapanda treni yao ya njia nyekundu wakitazama simu zao, lakini sisi wachache wenye viti vya kukunja na chupa za chai hatutulii. Fainali tumeionja mara moja tu, baba yako akiwa hai.

Sasa nikusimulie jinsi watu walivyonipenda ghafla.

Mama Furaha alikuja Jumatatu na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Unamjua Mama Furaha, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mtu wa Bukavu, mwanawe ndiye mpigaji wetu wa kwanza. Sombe yake huwa haipandi ngazi. Ukiitaka unashuka mwenyewe na sahani yako. Safari hii ilipanda, tena na samaki ndani. Akakaa, akasifu mapazia, akauliza habari za kazi yangu kwa wale wazee ninaowahudumia majumbani, akacheka hata pasipochekesha. Nikamwacha azunguke. Alipokwisha zunguka akaweka kijiko chini.

"Mama Baraka, ule mutoto wako, akitaka kurusha ile ya pole, anafanyaka aje?"

Nikamwambia sijui anazungumzia nini.

"Unajua! Mi nilikuwa naketi nyuma yako. Ulikuwa unasema mbele, mpira haujatoka. Unasema 'hii ni ya pole,' na kweli inakuja ya pole. Wewe unamujuaka."

Siku iliyofuata ikawa kocha wetu. Nilikuwa nimepita uwanjani kurudisha meza ya timu waliyotuazima kanisani, naye akatoka mbio kunisaidia kuibeba. Miaka yote hiyo kocha alinisalimu kwa nyusi. Sasa ananimiminia kahawa, ananiambia Jumamosi nimewekewa kiti chenye mto, nyuma ya wavu kabisa, pale ambapo mtu anaona uso wa mrushaji kama anavyoona taarifa ya habari. Kahawa nilikunywa. Kiti nikasema nitafikiria. Nilipokuwa nikiondoka nikageuka, nikamkuta bado amesimama akinitazama na tabasamu lile lile. Nikajua Mama Furaha ameshamfikia.

Baraka, ni kweli. Kuna kitu unakifanya kabla ya kurusha mpira wa polepole. Hukijui, na waliokufundisha wote hawakukiona, kwa kuwa wao walitazama mkono wako. Mimi nilianza kukiona kabla hujajua mpira ni nini. Siandiki hapa ni kitu gani. Mama Furaha, najua unaisoma barua hii mara ya pili ukitafuta. Weka miwani chini, humu hakimo.

Unakumbuka baba yako alivyokufundisha? Kwenye ule uwanja wa nyasi katikati ya maghorofa hapa mtaani kwetu Alby, wewe na glavu kubwa kuliko kichwa chako. Yeye mchezo huu aliupata Uganda, shuleni, walipokimbilia huko kutoka Uvira, Kongo, na alipofika huku kwenye nchi ya hoki akautafuta mpaka akaupata. Mimi Mkamba wa Machakos niliolewa nao kama watu wanavyoolewa na mama mkwe. Nilikuwa nikikaa kwenye benchi na mboga zangu, nikiwasikia. "Tuliza bega," anakwambia. "Ule wa kasi, mkono unakwenda hivi. Ule wa pole, mkono unakwenda hivi hivi, usibadilishe kitu. Yule mwenye gongo aamini, apige mapema, akose." Halafu akageuka na kuniambia mimi, akicheka, "Kurusha ni kudanganya kwa heshima, Mama Baraka." Nilimjibu kwamba mtoto wangu sitaki afundishwe uongo, wa heshima wala usio wa heshima. Mkacheka wote wawili, mmeungana dhidi yangu.

Ni jioni hiyo hiyo ulipovunja kioo cha mlango wa chini. Ulikuja jikoni ukasema ni ndege aliyegonga. Ndege! Baba yako alikuamini, akaanza hata kumwonea huruma huyo ndege. Mimi nilikutazama ukisema, nikakiona kile kitu, nikakupa ufagio. Ulishangaa nimejuaje. Mpaka leo hujui.

Kisha ukakua, ukapanda pale kwenye kilima cha mrushaji, na mechi ya kwanza tu ulipotaka kumdanganya mwenye gongo, nikakiona tena, kile kile cha ndege. Nilifurahi mpaka nikasema kwa sauti, "Hiyo ni ya pole!" Ikaja ya pole. Nikasema tena, ikaja tena. Baba yako akanibana mkono: "Nyamaza, mama, watu wanasikia." Niliona nani aliyepo pale wa kusikia, Waswidi watupu. Kumbe Mama Furaha alikuwa nyuma yangu na masikio yake yote.

Kwa hiyo wewe uliponiambia nisije, machale yalinicheza upande huo. Nikasema, aha, na huyu amesikia. Wa huku wananitaka nikae karibu nione, wa huko wanataka nisionekane kabisa. Nikaumia, sitakuficha. Nikaona mwanangu niliyemzaa ananihesabu kuwa nitamuuza kwa sufuria ya sombe na kiti chenye mto. Jana hiyo nilipika kwa hasira, Neema akala. Baadaye akaniambia kwa Kiswidi kwamba namshuku kila mtu, kwamba pengine baridi ni baridi tu. Nikamwambia mtu asiyeshuku ni mtu asiye na watoto.

Lakini jambo hilo halikunikaa vizuri. Kama ungekuwa unajua kuna kitu, ungeniuliza. Wewe si mtu wa kuacha kuuliza. Ukiwa mdogo uliniuliza mpaka kwa nini sabuni haijioshi. Nikaanza kurudi nyuma, nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye basi kwenda kazini, nikiyageuza mambo yako moja moja.

Nikakumbuka mlipokuja kucheza na sisi mwanzoni mwa msimu, mechi ya kawaida. Nilitandika kitanda chako, nikanunua nyama. Timu ilikuja bila wewe. Ulisema bega linauma. Siku chache baadaye Neema alinionyesha video, uko kwenye uwanja wa watu wengine, unarusha kama kombeo, bega zima kabisa. Wakati ule nilishuku kuna msichana. Halafu nikaishuku timu yako, kwamba wanakuzuia. Nikakumbuka na kuhama kwenyewe. Ulisema kazi yako ya ghalani iko kaskazini, unachoka na treni. Ulisimama pale mlangoni na begi ukayasema hayo, na nilikiona, Baraka. Nilikiona kile kitu. Sikukupa ufagio safari hiyo, nilikupa chapati zako nikakuacha uende, kwa sababu sikujua unaficha nini.

Na kabla ya hapo nilikiona siku ya kumzika baba yako. Watu walijaa, Wakenya wenzangu na watu wake wa Kongo, kila mtu anaimba kwa namna yake. Wewe ulikuwa ukibeba viti. Ulibeba viti ambavyo hakuna aliyevihitaji, ukavitoa, ukavirudisha. Nilikushika mkono nikakuuliza, mwanangu, vipi? Ukanitazama usoni. "Niko sawa, Mama." Nikakiona waziwazi, mchana kweupe, lakini watu walikuwa wakiniita huku na huku, nikakuachilia. Tangu siku hiyo umeniambia uko sawa kila Jumapili, kwenye simu, ambako sikuoni.

Hapo ndipo shuku zangu zote zilipofika mahali pamoja, na pale hapakuwa na Mama Furaha wala kocha. Si baridi unayoikimbia. Wala hunikimbii mimi na macho yangu. Tangu baba yako afariki hujapanda kwenye kile kilima cha uwanja wetu mara hata moja. Ulihama ili usipande. Na sasa mchujo umekurudisha kwa nguvu, na huwezi kuwaambia wenzako bega linauma tena, kwa sababu mrushaji wao ni wewe. Unaogopa kugeuka na kuniona nimekaa peke yangu. Nikiwa nyumbani, labda unaweza kujidanganya kwamba ni uwanja tu kama viwanja vingine.

Huenda nimekosea. Nimeshuku mengi wiki hii. Lakini hili sijisikii nimekosea.

Basi nitakuambia nitakachofanya, wasikie na hao wengine. Nitakuja. Kiti cha kocha sikitaki, nitakuja na changu. Mama Furaha sitamwambia kitu, na nimemrudishia sufuria yake imejaa maharagwe, tusidaiane. Hata wewe sitakuambia, ingawa najua ukisoma hapa utakimbilia kwenye kioo kujitazama. Usijitazame. Ukikijua utakiacha, na ukikiacha mimi nitakusoma kwa kitu gani? Wenye magongo wajitafutie wenyewe. Mimi sikukichunguza kwa ajili ya besiboli.

Nitamshangilia nani, hilo watu wameniuliza sana, wengine kwa nia mbaya. Skafu nitavaa ya kwetu, maana nimeifuma mwenyewe na nyie hamjanipa yenu. Ukimkosesha mwana wa Mama Furaha mpira wa tatu, ule wa kumtoa, nitaangalia chini ili asione uso wangu. Zaidi ya hapo nisiulizwe.

Pale nitakapokaa, pembeni yangu patakuwa wazi. Ni kweli, patakuwa wazi, na mimi napaona kila mechi. Mechi za mwanzo nilikuwa naweka mkoba hapo. Siku moja nilisahau nikageuka kumwambia kitu. Nililia mbele ya watu, mwanangu, wakanipa kahawa, mchezo ukaendelea. Sikufa. Ukitaka kutazama, tazama. Ukishindwa kurusha, shuka, hakuna atakayekula nyama yako. Lakini usiniambie nibaki nyumbani ili mmoja wetu ajifanye hajui.

Mechi ikiisha, tukifungwa au mkifungwa, njoo nyumbani kabla basi la timu yako halijaondoka. Usioge kwanza, usibadilishe nguo. Kaa pale mezani, mbele yangu, Neema atatoka akitaka kutoka. Nitakuuliza lile swali nililokuuliza siku ile ya viti, na safari hii hakuna mtu atakayeniita.

Ukisema uko sawa nitakutazama, na tutajua wote wawili. Sema tu, "Mama, siko sawa." Hilo nitajua ni kweli hata nikiwa nimefumba macho.

Ulale vyema, uje salama. Mungu akulinde bega na roho.

Mimi ninayekusubiri,
Mama yako