Jiko Letu na Kirikuu cha Rogers

Mabibo,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Habari za Kamachumu, na mguu wako unaendeleaje? Gladness alipofika huku aliniambia sasa unatembea mpaka kanisani bila fimbo. Nilifurahi sana, ingawa kwa ninavyokujua, labda fimbo unaificha tu watu wasikuone nayo. Migomba imepona ule mnyauko? Sie huku ni wazima. Presha ya mume wangu Isack imetulia tangu akubali kupunguza chumvi, na mie magoti yananisumbua lakini nasimama.

Nimeamua kuandika, Gladness akirudi huko akuletee mkononi, kwa sababu kwenye simu unawekaga spika na haya sitaki yafike kwa majirani. Tena najua mwanao Rogers ameshakupigia na kukueleza kwamba nilimfukuza mbele za watu. Ni kweli, nilimfukuza. Sasa naomba usikie na upande wangu.

Nilipostaafu uuguzi nilikwambia nataka kuwapikia wale wanaolala nje huku kwetu, kwenye vibaraza vya maduka na nyuma ya soko. Kliniki nilikuwa nampa mtu dawa, ananiuliza, "Sista, nitainywa na nini?" Unakuta hajala tangu jana. Jirani yangu Mauwa, aliyekuwa mama lishe miaka mingi, akasema tupike wote. Rogers akatupatia kirikuu chake, kile kigari cha kubebea mizigo, tukafunga jiko la gesi nyuma, tukaweka meza na pipa la maji, tukakata dirisha la kupakulia ubavuni. Kwa hilo nilimshukuru, na shukrani yangu iko palepale.

Tunatoka mchana, Jumanne hapa Mabibo, Ijumaa kule Temeke. Ugali wa dona, maharage, mchicha wa karanga, dagaa, na tunda likipatikana. Na usidhani ni watu wa kupiga magoti na kushukuru! Kuna mzee anaitwa Ferdinand, alikuwa fundi cherehani kabla macho hayajamharibikia. Huyo hafuati foleni ya Mabibo tu, na Temeke anatufuata. Kila akipewa sahani anainusa na kusema, "Dagaa tena, sista?" Kuna siku natamani kummwagia mchuzi. Halafu anamaliza vyote, analamba vidole, anaulizia ukoko.

Kuna na mwanamke anaitwa Lusungu, mtu wa Njombe, naye anatufuata kote kuwili. Yuko kwenye dawa za kifua kikuu. Akizimeza tumbo likiwa tupu anatapika, na aliwahi kuziacha kabisa kwa sababu hiyo, ugonjwa ukamrudia. Ana binti anayesoma bweni. Binti anajua mama yake ana genge la nyanya na chumba cha kupanga. Vilikuwepo kweli, mpaka alipougua. Nilimwomba ruhusa nikueleze haya, akakubali aliposikia uko mbali.

Sasa Rogers anataka udiwani. Hilo sina ugomvi nalo, agombee hata ubunge. Ila Ijumaa moja tukiwa tunapakua, akatokea na mpiga picha na maboksi ya fulana zenye sura yake. Akataka kila mtu avae kwanza, apigwe picha, ndipo apewe sahani.

"Dada Jovi, picha moja tu kwa kila mtu. Watu waone kazi."

"Kazi wanaiona, Rogers. Wanaila."

Hakunisikiliza. Wengine wakavaa, mtu mwenye njaa atabisha nini? Mzee Ferdinand akaivaa kinyume, sura ya mwanao ikawa mgongoni. Lusungu yeye akakataa fulana, akajifunika uso kwa kanga, akanyoosha mkono apokee chakula. Yule mpiga picha akaishika kanga yake, akaishusha. "Mama, tabasamu kidogo." Akapiga. Lusungu akaiachia sahani ikaanguka, akakimbia, mtu ambaye hana hata pumzi ya kupanda ngazi.

Mama Mkubwa, niliuacha upawa kwenye sufuria. Nikateremka nikamwambia Rogers achukue fulana zake na mtu wake waondoke. Akasema kirikuu ni chake. Nikamjibu, "Basi chukua na kirikuu!" Isack anasema hapo ndipo nilipokosea, maana masufuria yangu yote yalikuwa ndani. Rogers akapanda, akawasha, akaondoka navyo, maharage yanamwagika barabarani mpaka kona. Watu wamesimama na fulana mpya na njaa yao.

Jumanne iliyofuata nilikaa tu nyumbani. Nilijua wananisubiri kibarazani, na mie nina ugali mezani haushuki. Mauwa akaingia hata hodi hakupiga. "Unasikitika au unapika?" Kumbe ameshaazima guta, lile toroli la magurudumu matatu, kwa wauza ndizi wa sokoni, na masufuria ya maulidi kutoka msikitini kwao. Tukapika uani kwangu, tukalisukuma lile guta, mie na magoti haya, kwenye mashimo na madimbwi, wenye bodaboda wanatupigia honi utafikiri tumesimama barabarani kwa starehe zetu.

Tulifika tumechelewa, lakini walikula. Lusungu hakuwepo. Nikapita kliniki, wakaniambia hata dawa hajaja kuchukua. Tuliulizia kwa wabeba mizigo, kwa wauza mitumba, hakuna aliyemwona. Mwisho nikagundua Mzee Ferdinand anajua alipo na hataki kusema.

"Kasema asionwe," akanijibu.

"Mzee, yule asipomeza dawa atakufa."

"Najua. Lakini kasema asionwe."

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe nikampa hotipoti na vidonge nilivyomwombea kliniki, nikamwambia apeleke mwenyewe, sitamfuata. Akaenda anapapasa ukuta. Aliporudi hotipoti ilikuwa tupu, na vidonge viko vilevile mkononi. "Amekula," akasema. "Ila anauliza ile picha iko wapi."

Rogers hapokei simu. Nikafunga safari mpaka kwake Bunju, nikamkuta sebuleni na chai yake. Akaniambia picha zimeshatumwa kwenye magrupu, tena watu wamezipenda sana. Ile ya Lusungu ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Nilikaa chini nikamweleza habari za yule binti anayesoma. Akaweka kikombe chini. Halafu akasema, "Ungenieleza mapema, dada."

"Yaani mpaka nikupe siri ya mtu ndipo usimvue kanga?"

Lakini nisiseme uongo, aliifuta palepale mbele yangu, akampigia mpiga picha akamfokea, kisha akaanza kuwapigia waliotumiwa, mmoja mmoja, anawaomba waifute. Chai yake ikapoa. Kama wote wamefuta, Mungu anajua. Neno la pole sikulisikia, wala sikumwaga machozi kulidai.

Nilimtuma Mzee Ferdinand tena, amwambie Lusungu kila kilichofanyika, na kile ambacho siwezi kumhakikishia pia. Vidonge akavimeza siku hiyo. Ijumaa iliyopita akaja mwenyewe, akala amesimama kando na wenzake. Alinisogelea baadaye akasema binti amempigia kwa simu ya matroni, hajataja picha yoyote, anaomba madaftari tu. Nikageukia sufuria nisionekane.

Kirikuu nacho kimerudi. Dereva alikileta Jumatatu bila salamu, masufuria yangu ndani yameoshwa yanang'aa. Na kwenye mlango, Mama Mkubwa, kimebandikwa sura ya Rogers kubwa kama sinia, anatabasamu meno yote. Isack alitaka kuibandua kwa kisu, nikamkatalia. Siwezi kugombana na mtu huyo huyo kila wiki, na guta limeshanimaliza magoti.

Siandiki ili umgombeze. Mwambie tu aje siku moja peke yake, ashike upawa, apakue, aone watu wanavyopokea sahani. Nikimwambia mie tutagombana tena. Wewe hakubishii.

Nisalimie Baba Mkubwa, Noela na watoto wake, na shangazi Mama Wilbert. Senene zikianza, usinisahau. Mungu akulindie huo mguu na akupe usingizi mtamu, hata baada ya kuyasoma haya.

Mwanao akupendaye, hata akiwa amekasirika,
Jovina.

N.B. Jana Mzee Ferdinand aliuweka uso wake karibu kabisa na ule mlango, akaipapasa picha kwa vidole. "Sista, huyu ni nani?" Nikamwambia ni kaka yangu. Akaipapasa tena, pale kwenye meno. "Anacheka nini?" Nikampa sahani yake. Wewe uliyemzaa, labda unajua.