Sura ya Mwisho ya Singa

Jumatatu, 20 Aprili
Kitabu kimetoka! Sura zote sita za katuni ya Singa zimebanwa pamoja, jalada la rangi. Rama wangu kakileta kutoka stationari ya Gerald kakikumbatia kama kichanga. Wiki tatu za ndoa na tayari mimi ni mke wa mtunzi. Nyuma kumeandikwa "Tuma maoni yako" – na namba ni yangu. Nampenda huyu mtu hadi naona haya kuandika.

Jumatano, 22 Aprili
Maoni ishirini na moja. Namsomea Rama huku ananyoa ndevu – nusura ajikate kwa kucheka. Mwalimu mmoja wa hapa Korogwe kasema Singa ni shujaa wetu hasa, mkata mkonge ambaye panga halimwingii, ila magoti yake yanafanana na viazi. Mwingine: anaongea mno akipigana. Binti mmoja kauliza kama Singa ana mchumba. Nimemjibu anaye.

Wengi wanasifu sura ya mwisho, pale adui yake, Mfunga Mvua, anapoonyesha uso. Sura tano zote alikuwa kivuli tu. "Huyu bibi anatisha kuliko wanaume wote uliowachora."

Uso ule ni wa Bibi Tatu, bibi yangu wa Kang'ata. Siku ya harusi alichomeka kisu ardhini nyuma ya jiko ili mvua isituharibie shughuli, kama wazee wanavyofanya, na tone halikuanguka. Rama ni mjukuu wa manamba wa mashamba ya mkonge, kwao hakuna mambo hayo. Alipendezwa mno, akaenda kuchora. Mimi ndiye niliyemkumbusha kovu la shavuni na jinsi Bibi anavyofunga kanga. Niliona ni heshima.

Ijumaa, 24 Aprili
Namba nisiyoijua: "Mfunga Mvua tunamfahamu. Huku Kang'ata mahindi yamekauka yakiwa ya magotini. Singa aje." Zimekuja meseji nyingine mbili za aina hiyo. Sikumsomea Rama. Siri yangu ya kwanza kwake. Nimempikia wali wa nazi.

Jumapili, 26 Aprili
Mjomba Mdoe kapiga simu kutoka Kang'ata. Kitabu kimefika, kinapita mkono kwa mkono. Kisimani wanawake walimuuliza Bibi mvua ataifungua lini. Bibi naye, kwa utani wake wa kumwita Rama mume, kajibu: "Mume wangu akiniletea sukari." Hakuna aliyecheka. Tangu hapo hakuna anayechota maji baada yake.

Nimemwambia Rama yote, na zile meseji. Kakaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake ile mizuri imelala tu.
"Mimi nilitaka watu wampende," kasema.

Jumatatu, 27 Aprili
Vitabu vimeisha vyote. Handeni wanataka hamsini zaidi. Rama kamkataza Gerald asichape. Gerald: "Kaka, watu hawajawahi kukukubali hivi."

Jumanne, 28 Aprili
Kang'ata, saa tisa alasiri. Bibi katupokea: "Mume, sukari iko wapi?"

Tumemwomba aje kukaa kwetu. Hataki. Akiondoka watasema kakimbia, nyumba itachomwa. Na kisu? "Nilikichomoa jioni ile ile ya harusi. Nakatia vitunguu."

Kisha kaja mwenyekiti wa kitongoji, kwa sauti ya upole. Anataka amani. Bibi akichomeke kisu tena, akichomoe mbele ya watu, roho zao zitulie. Ni kama kitabuni: Singa anamlazimisha Mfunga Mvua achomoe kisu, mvua inashuka. Rama kadakia, "Sawa mzee, ni jambo la dakika moja." Anataka yaishe.

Nimemvuta pembeni. Mvua isiponyesha, watasema kagoma. Ikinyesha, basi kweli aliifunga. Rama kanitazama. Hakuwa amefikiria. Kakimbilia kwa mwenyekiti, lakini neno limeshatangazwa.

Naandika nimesimama mlangoni. Uwanja umejaa. Wenye kitabu wamekifunua ukurasa wa mwisho. Bibi anafunga kanga yake upya, vilevile kama nilivyomweleza Rama, anachukua kisu. Anatembea. Rama anamfuata, anamsihi, watu wanamrudisha nyuma.

Upande wa Kwedizinga wingu limeanza kujikusanya. Wote wanalinyooshea vidole, wanashangilia. Mimi sijui niombe nini.