Kamera Aliyoiomba Baba

Dalcheon, Septemba 9

Kaka Sang-uk,

Shikamoo. Lakini marahaba yako iweke kwanza, usinipe mpaka ufike mwisho wa barua hii, maana huenda ukaona sistahili. Wifi Eun-hye hajambo? Mgongo wake je, bado unamsumbua? Mwambie kimchi ya figili aliyoiagiza imeshaiva, nitaituma kwa basi la Ijumaa. Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, na kila asubuhi analalamika kwamba supu yangu haina chumvi, kwa hiyo jua kwamba yu mzima kabisa.

Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu wewe hukatiza. Leo nataka unisikilize mpaka mwisho, jambo ambalo hujawahi kulifanya tangu nizaliwe.

Habari ya kamera unaikumbuka. Mwaka jana mjukuu wa mama muuza tofu aligongwa mbele ya shule ya msingi, akavunjika mguu. Na Baba, ambaye tangu astaafu husimama kwenye kivuko kile kila asubuhi na sare yake ya chama cha madereva bora, filimbi mdomoni na kibendera mkononi, siku hiyo moja tu hakuwepo. Alikuwa na homa, na mimi ndiye niliyemzuia kitandani. Alipopona alizunguka mji mzima kukusanya sahihi na mihuri, duka kwa duka, mpaka halmashauri wakachoka kumwona. Machi shule ilipofunguliwa kamera ikawa imesimama. Mwisho kilomita thelathini kwa saa. Ukizidisha, barua ya faini inakufuata nyumbani.

Watu walinuna wee. Bwana Pyo wa kinu cha mpunga alipata barua tano mwezi wa kwanza, akawa anamwita Baba "Mzee Kamera" kila anapomwona. Wengine wakabuni ujanja: wakiikaribia wanatambaa kwa heshima kana kwamba wanamwamkia mkwe, wakishaipita wanakanyaga mafuta. Baba akarudi halmashauri, safari hii kuomba matuta, na matuta yakawekwa. Polepole mji ukashika adabu. Sasa hata vijana wa pikipiki wanaopeleka vyakula hupita pale taratibu, na mama muuza tofu anamwacha mjukuu wake avuke na wenzake. Tangu Machi hajaguswa mtoto hata mmoja.

Sasa nakuja kwenye letu. Mwaka Mpya nilikwambia kwamba Baba alipita taa nyekundu pale sokoni, mimi nikiwa kiti cha pembeni. Muuza samaki aliruka na beseni lake, na Baba akaapa kwamba taa ilikuwa ya kijani. Nilikuomba umwambie aache kuendesha. Ukasema mimi ndiye niliye karibu, nimwambie mimi. Nikasema wewe ndiye kifungua mimba, tena mwanamume. Tukasukumiana hivyo mpaka vitumbua vya mchele vikapoa mezani, na hakuna aliyemwambia. Nani angethubutu? Mtu ameendesha basi la wilaya miaka thelathini na moja bila kugonga hata kuku, cheti chake kiko ukutani na kinafutwa vumbi kuliko picha ya marehemu Mama. Mimi na mdomo wangu huu unaoujua, mbele ya Baba nilikuwa bubu.

Aprili ikaja barua ya faini. Pikapu yetu ya bluu, Jumapili, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kilomita arobaini na saba. Baba aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama Jumapili ile alikwenda na pikapu kwenye nyumba ya kuogea ya umma. Nikamwambia alikwenda, kama kawaida yake. Haukupita muda ikaja ya pili, halafu ya tatu, zote za Jumapili asubuhi. Na mji wetu unaujua, siri haikai hata kwenye chungu chenye mfuniko. Mapema mwezi wa tano, kwa kinyozi, Bwana Pyo akamwambia mbele ya watu, "Mzee Heo, mchimba kisima huingia mwenyewe." Wakacheka, na Baba akacheka nao. Lakini alirudi nyumbani bila kunyolewa.

Mei ishirini alivaa suti yake ya harusi za watu, akaniambia nimpeleke kituo cha polisi. Akakabidhi leseni. Nje, akanipa funguo za pikapu kwa mikono miwili, kana kwamba mimi ndiye mkubwa na yeye ndiye mdogo. Sikufichi, Kaka, nilishusha pumzi. Nikadhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Aliniambia tupitie ofisi ya chama. Akaweka mezani sare, filimbi na kibendera, vyote vimefuliwa na kukunjwa. Mwenyekiti alimsihi sana, akamwambia leseni ni jambo moja na kivuko ni jingine. Baba akasema, "Aliyekimbiza gari mbele ya shule hasimami mbele ya watoto."

Hilo sikulitegemea hata kidogo. Tangu siku ile, ikifika saa moja na nusu asubuhi, anakaa mlangoni amevaa viatu, anaangalia saa ya ukutani mpaka saa tatu kasorobo, kisha anavua viatu. Na nikimwendesha, kabla sijawasha gari ananyoosha mkono na kuuvuta mkanda wangu kuona kama umeshika. Kila safari. Nilidhani ni uzee, nikamtania kwamba mimi si abiria wake. Akauvuta tena.

Kaka, si Baba aliyekimbiza ile pikapu. Ni mimi.

Ile barua ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Baba alikuwa amesharudi kutoka kuoga, mimi nikachukua pikapu kuwahi mbegu za viazi. Baridi ilikuwa kali, nikavaa koti lake na ile kofia yake ya zamani ya basi. Aliponiuliza habari ya Jumapili, ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nikaona uso wake jinsi ulivyokuwa na wasiwasi, nikaona taa nyekundu ya sokoni, nikaumeza. Ya pili na ya tatu nilikwenda kusudi. Nilisubiri barabara iwe tupu, hakuna mtoto wala paka, nikavaa kofia, nikakanyaga. Nilijua barua haiji na picha. Anayetaka picha huifuata mwenyewe polisi. Nilijiambia naokoa mtoto wa mtu, na labda ni kweli. Lakini nimemvua baba yangu heshima ya miaka thelathini na moja kwa sababu niliogopa kumwambia neno moja tu.

Juzi nilikuwa nasafisha nyumba kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Nikakishusha kile cheti ukutani. Nyuma yake kulikuwa na bahasha, na ndani yake picha tatu za kamera, pikapu yetu uso kwa uso. Mhuri wa polisi ni wa Mei kumi na mbili. Siku nane kabla hajarudisha leseni, Kaka. Kofia imenifunika mpaka kwenye nyusi, na mgeni angesema ni Mzee Heo mwenyewe. Lakini mzazi gani asiyemjua mwanawe?

Alijua alipovaa ile suti. Alijua aliponipa funguo kwa mikono miwili, na alijua alipomwambia mwenyekiti maneno yale. Aliona mwanawe amefika mahali pa kuvaa kofia yake asubuhi na mapema ili asimwambie jambo, akalisikia lile jambo bila kuambiwa.

Nikazigeuza zile picha. Nyuma, kwa ule mwandiko wake wa daftari la safari, ameandika tarehe, saa na mwendo: 47. 52. 55. Na chini ya kila picha maneno yaleyale: "Hakufunga mkanda."

Nililia mpaka nikakaa sakafuni.

Kesho asubuhi nitapika supu yenye chumvi, nimpigie Baba magoti. Kutoka hapo nitakwenda kwa mwenyekiti, kisha kwa kinyozi, na namwomba Mungu Bwana Pyo awepo. Leseni asirudishiwe. Filimbi lazima arudishiwe. Nawe njoo siku mbili kabla ya sikukuu, shule ikiwa bado wazi, usimame naye kivukoni.

Mpe wifi salamu zangu, na umbebee mto wa mgongo safarini. Ukifika mbele ya shule nenda taratibu, na mkanda ufunge, maana Baba atachungulia dirishani kabla hajakusalimu.

Sasa niitikie, kama bado nastahili.

Mdogo wako,
Gyeong-ae