Kauri Zilizofutika Pete

Baba,

Leo nimecheka mpaka Mama akatoka jikoni kuniangalia. Acha nikueleze haraka kabla sijaanza kulia, maana siku hizi kicheko na kilio hunijia pamoja.

Unakumbuka ulipolazwa hospitalini mwaka juzi? Nilitaka ukirudi hapa Makongeni ukute kauri zako za pwani zinameta. Nikazilowesha kwenye siki tangu asubuhi, na jioni nikazisugua kwa waya wa sufuria. Zikatoka nyeupe, zimechujuka zote. Ile pete ya dhahabu mgongoni, ambayo ndiyo niliyotegemea kutofautisha kauri ya pete na ndugu yake wa manjano, ikafutika kabisa. Kaka Wafula alichungulia trei akapiga mluzi. "Wewe! Umeharibu vitu za buda. Utado nini sasa?" Ulikuwa umeziokota moja moja miaka ile reli ilipokupeleka kazini Mombasa.

Ukarudi. Ukakaa mlangoni, trei mapajani, ukazipapasa na kuzigawa kwenye makopo mawili ya majani chai. Kisha ukasema, "Kazi safi, Nafula." Nikaingia ndani nikajifunika shuka. Niliamini umenihurumia tu, na kwamba unazigawa ovyo ili nisione aibu. Ukafa kabla sijakuomba radhi. Baba, hilo limenikaa kifuani tangu tulipokuzika.

Jumamosi tunahamia Dandora, kwa hiyo leo nilikuwa nafunga vitu. Nilipoyashika yale makopo nikashindwa kujizuia, nikamwambia Mama yote. Akanikazia macho.

"Huyo? Pete gani? Mwaka mzima kabla ya hospitali macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinikataza kuwaambia."

Kumbe! Na vile ulivyokuwa ukinipa gazeti nikusomee, eti sauti yangu inafaa redioni! Nami nikavimba kichwa, nikawatangazia majirani wote.

Nikafungua makopo, nikafumba macho kama zamani ulipokuwa ukituziba macho kwa leso ya Mama na kutuambia, "Sahau rangi. Tafuta mabega." Ya manjano ina vinundu ubavuni, mabega ya mpagazi. Ya pete ni laini ukingoni, imeviringana kama yai. Nikazipitia zote kwa kidole, kopo la kwanza, kisha la pili. Hukukosea hata moja. Hukuzigawa ovyo. Ulizitambua zote kwa vidole, na ulifurahi kweli siku ile mlangoni.

Nimepumua, Baba. Nimepumua vizuri.

Lala salama. Makopo nitayabeba mwenyewe Jumamosi, Wafula asiyaguse. Na siki nakuahidi itabaki ya kachumbari. Mtu akija Dandora akitaka kuona kauri zako, nitamfunga leso machoni kwanza.

Msomaji wako wa gazeti,
Nafula