Mama, Wiski Ile Ilikuwa na Maji

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kusema nawe kabla ya kukuamkia. Leo ni siku ya nne tangu mume wangu Kasiani aniambie neno lile, na mimi situlii. Naenda shambani narudi sijafanya kitu. Nabandika chungu nasahau nilitaka kupika nini.

Unaikumbuka nyumba ya yule Mzungu mpimaji wa bonde, pale Ifakara, Kasiani alipokuwa mpishi wake? Mgeni alimletea kutoka Amerika chupa mbili za wiski ya rai, nafaka ya nchi za baridi. Siku moja akaonja ile aliyokwisha kuifungua, akatema. "Mpishi ametia maji!" Kasiani akaapa kwa Mungu kwamba hajaigusa. Nikakimbia mpaka kwako Lumemo kukuita, maana hakuna mwanamke wa kwetu aliyepika pombe bila kukuletea kata ya kwanza uihukumu. Niliujua ulimi wako. Nilidhani na moyo wako naujua.

Mzungu alicheka alipokuona na kanga yako ya shamba. "Mama huyu ajue wiski?"

"Wiski siijui, Bwana," ulimjibu. "Najua kilichopikwa vizuri na kilichoharibiwa."

Sheria ya Wazungu ilitukataza sisi Waafrika vinywaji vyao vikali, lakini siku ile alifungua chupa mpya mwenyewe, akamimina bilauri mbili, moja kutoka kila chupa, akaziweka mezani barazani. Kasiani alijibanza nyuma ya mlango, kwa kuwa mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake.

Ulianza na ile mpya. Ulidondosha matone kiganjani, ukasugua, ukanusa. Kisha ukanywa kidogo, macho umeyafumba.

"Inaanza na pilipili," ulisema. "Halafu unakuja utamu ulioungua kidogo, kama ukoko wa wali uliopakwa asali. Mwisho kuna ubao, kama imelala kwenye pipa lililochomwa ndani. Aliyeipika hakuwa na haraka. Ni nzuri, Bwana."

Mzungu aliacha kucheka, akakusogezea kiti. Hukukaa. Ulishika bilauri ya pili, nami nikakusihi kwa macho. Uliniona, mama, najua uliniona. Ukakaa nayo mdomoni mpaka nikaisogelea meza.

"Pilipili imelegea," ulisema polepole. "Utamu haufiki mwisho. Ni ile ile, lakini imetiwa maji."

"Mama!" nilipiga kelele.

"Umeniita nionje, mwanangu. Nimeonja."

Kasiani alifukuzwa siku ile ile. Tukahamia Malinyi kulima mpunga, nami nikaapa sitakanyaga kwako. Nilipojifungua ulimtuma mvuvi na kikapu cha mchele, kuku, na kanga ya kumbebea mtoto. Akaniambia, "Mama yako anasema, mtoto mpe ziwa, hasira usimpe." Nikakirudisha kikapu bila kukifungua. Kisha mafuriko yakafunga njia, na habari ya homa yako ikanifikia pamoja na habari ya mazishi yako.

Siku nne zilizopita tulikuwa tukipura mpunga. Kasiani akaweka fimbo chini.

"Mama yako alisema kweli," alisema. "Nilikunywa mimi. Nilitaka kujua wanachotukataza ni nini. Nikajazia maji."

"Mbona uliniacha nimchukie mama yangu?"

"Niliogopa utanichukia mimi."

Nimemchukia, mama, na jioni nikampikia. Jana nilimwuliza wiski yenyewe ilikuwaje. Akasema hajui, aliigugumia kwa hofu, haikukaa mdomoni. Hapo nililia kuliko nilivyolia siku ya habari ya msiba.

Kuna wakati natamani ungedanganya. Neno moja tu, na mjukuu wako angekulia mgongoni mwako. Halafu naona aibu kwa kutamani hivyo, nasimama, natoka nje, narudi ndani, natamani tena.

Mto umeanza kupungua. Njia ikifunguka nitakuja kaburini na mtoto, na Kasiani atakuja. Nimemwambia atasema mwenyewe, kwa sauti, mbele ya ndugu zetu wote, na amekubali. Lake analo la kusema. Langu mimi, la kile kikapu, bado sijapata namna ya kulianza.

Pumzika, mama. Mimi bado.

Binti yako