Wimbo wa Miche na Mbuzi wa Nzuguni

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Sisi hapa Nzuguni tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, lakini uwele tumevuna.

Umeniuliza uimbe nini kwenye tamasha la mazingira hapo chuoni. Wimbo utautunga mwenyewe. Mimi nitakuambia aibu yangu.

Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa na khanga mpya zimejaa sokoni Majengo, kulifanyika tamasha la miti hapahapa. Miche ilipandwa asubuhi, ikazungushiwa matawi makavu ya miiba. Wapiga ngoma tulikuwa sisi wanawake, na ngoma zetu bila kupashwa moto hazilii. Mama yangu, kiongozi wetu, akanituma kuni. Nikaiona ile miiba, nikaibeba yote.

Ngoma zililia, acha tu! Tuliubembeleza mti kwa wimbo kama mtoto mchanga, hadi wageni wakafuta machozi. Tulipogeuka, mbuzi walikuwa wameshaimaliza miche.

"Nani katoa miiba?" mama aliuliza.

Nikanyoosha mkono. Hakunigombeza.

"Kesho mnarudi na majembe. Ngoma zibaki nyumbani."

Nimepigiwa makofi mengi tangu hapo, lakini siku ninayoitamani irudi ni hiyo kesho yake. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Mama alipiga magoti, akaimba wimbo uleule polepole huku akishindilia udongo wa miche mipya kwa viganja. Nilikuwa nimeuimba mwezi mzima, na ndiyo kwanza nikausikia.

Imba, Neema. Ila usiipe miche mgongo.

Bibi yako